Wakija mara moja hawarudi tena, tatizo nini? (unasihi Pemba)

mnasihi_chake (#1)
Asalam alaykum wana jukwaa. Nimehamishiwa Pemba kutoka Unguja, kazi yangu ni unasihi, yaani tiba ya mazungumzo, si sindano wala vidonge. Kuna jambo linanisumbua nataka mnisaidie hasa nyie wenyeji. Mtu anakuja, kaletwa na nesi au kaja mwenyewe, anakaa, analia, ananambia mambo ambayo hajamwambia mtu yoyote, tunapanga wiki ijayo siku fulani saa fulani, ananiombea dua ndefu, halafu basi. Harudi. Nikipiga simu inapokelewa na mume au kaka, nasema nimekosea namba mana siwezi kusema mie ni nani. Na si mmoja wala wawili, ndo wengi wao. Chumba chenyewe ni stoo ya zamani, makatoni ya glavu upande mmoja, ukuta haujafika darini, na nje ya mlango ndo foleni ya watu wa presha na kisukari. Wakubwa wanasema watu wa huku hawana mwamko. Mie jibu hilo sikubali lkn jengine sina. Mtu anatoa yote siku ya kwanza halafu anapotea, kwanini?

karafuu_kavu (#2)
Umekuja msimu wa karafuu dada angu. Watu wako juu ya mikarafuu, we unawangoja stoo. Mtu mwenye wachumaji wake na jamvi la kuanikia ataacha aje kukusimulia ndoto?

UrojoMchungu (#3)
Mmemuahidi nini huyo Mpemba? Mpemba bila faida harudi hata kwa shangazi yake 😂

karafuu_kavu (#4)
@UrojoMchungu na nyie wa mjini mnarudi kwa kuwa hamna kazi. Tuendelee na mada.

Nesi_wa_Zamu (#5)
Pole mwenzangu. Nipo kliniki ya afya ya akili muda sasa na nakupa ninavoona mie. Wa sindano ya mwezi wanarudi. Wa kifafa ndo usiseme, wanarudi kabla ya tarehe, mana vidonge vikimwishia mtoto anaanguka skuli na kila mtu anaona. Sasa wewe umempa nini cha kumwishia? Katoka kwako mikono mitupu. Akifika nyumbani mama mkwe anamuuliza umepewa dawa gani, aseme nimepewa maneno? Nimeona watu wanaomba japo panadol wapate cha kuonesha.
Halafu nauli. Kutoka Micheweni hadi Chake na kurudi, na kama yuko ndani ndani bodaboda juu yake. Nauli hiyo anaomba kwa mtu, na anaemuomba lazima aambiwe inakwenda wapi.

Bint_Mtambwe (#6)
Mie nilikuwa mmoja wa hao wasiorudi, si kwa dada huyu, ni kitambo na ni pahala pengine. Nitasema ilivokuwa.
Nilikwenda baada ya mtoto wa pili, silali, sili, mtoto akilia natamani nitoke nikimbie. Yule mnasihi alikuwa mzuri wallah, hakunikatisha hata mara moja. Nikasema mambo ya mume wangu, mambo ya wifi, mambo ya pesa, nikasema hadi fikra nilizokuwa nazo kuhusu mtoto ambazo hata leo siandiki. Nilitoka nimepata nafuu ya kweli, kifua chepesi. Mlangoni nikamkuta shangazi yake mume wangu kwenye foleni ya presha. Magharibi haijaingia nyumba nzima washajua nimeonekana kwa "dakta wa wazimu" na mtu mmoja akasema kilichobaki apandishwe boti apelekwe Kidongo Chekundu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Unguja.
Lkn sikilizeni, hata bila ya shangazi nisingerudi. Nilikuwa nikiikumbuka sura ya yule dada naona haya. Nishamwambia yote, yeye hajanambia lolote lake. Nikikutana nae sokoni yeye anajua mie nimefikiria nini. Kwaio @mnasihi_chake unasema ajabu mtu anatoa yote siku ya kwanza halafu harudi, mie naona hiyo ya kutoa yote ndo sababu yenyewe.

mnasihi_chake (#7)
@Bint_Mtambwe ahsante sana, hili la mwisho sikuwa nimelifikiria kabisa. Skuli tulifundishwa mtu akifunguka ni dalili njema.

Mwanafunzi_wa_Saiko (#8)
Naona wote mnachukulia kuwa asierudi kashindikana. Si lazima. Kuna mtaalamu wa saikolojia Moshe Talmon, alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha afya cha Kaiser Permanente huko California miaka ya 80, aliona kuwa idadi ya vikao inayotokea mara nyingi kuliko zote ni kimoja. Akawapigia simu wagonjwa 200 waliokuja mara moja tu, akitegemea kusikia lawama, na 78 katika kila 100 wakasema walipata walichokitaka. Huko ni Marekani, hakuna shangazi mlangoni wala karafuu. Kwaio hichi kitu si cha Pemba peke yake. Mie ningekushauri kila kikao ukifanye kama ndo cha mwisho, mtu asitoke bila ya kitu kimoja cha kwenda kufanya nyumbani.
Na lile la chumba, kuna lile Benchi la Urafiki lililoanzia Afrika Kusini, bibi wazee wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje, chumba hakihitajiki.

Mstaafu_Wete (#9)
@Mwanafunzi_wa_Saiko kijana wangu, si Afrika Kusini. Ni Zimbabwe, mtaa wa Mbare mjini Harare, 2006, kaanzisha Dakta Dixon Chibanda na bibi 14 ambao walishakuwa wahudumu wa afya wa jiji. Alifanya hivo kwa kuwa hakupewa chumba wala wauguzi, bibi ndo waliobaki. Unguja pia lishafika hilo.

Mwanafunzi_wa_Saiko (#10)
Sawa mwalimu, Zimbabwe. Ila hoja ipo pale pale. Walilipima, majibu yakatoka 2016, wagonjwa 573 kwenye kliniki 24 za Harare, vikao 6. Baada ya miezi 6 waliokaa na bibi, waliobaki na dalili za sonona ni 14 katika kila 100, na waliopata huduma ya kawaida ni 50 katika kila 100. Si mchezo.

UrojoMchungu (#11)
Bibi zetu wa Pemba ukiwapa siri asubuhi adhuhuri iko Mkoani. Labda tuwape benchi na kufuli ya mdomo.

Abuu_Swaleh (#12)
Asalam alaykum. Naomba niingie pahala ambapo hapajaguswa. Mnasihi akiwa mwanamme na mgonjwa mwanamke, au kinyume chake, kuwafungia mlango wawili hao ni khalwa na haijuzu. Msiseme watu hawana mwamko, huenda wana dini. Mume akisikia mkewe kakaa saa nzima chumba kimefungwa na kijana wa Unguja unategemea ampe nauli ya wiki ya pili?
Na ndugu yangu kule juu anaebeza, tiba hii si ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliezaliwa 850 na kufa 934, aliandika kuwa nafsi inaumwa kama mwili unavoumwa, akaitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile ambayo mtu haijui imetoka wapi, na akasema mtu ajiwekee fikra njema akiba wakati yuko salama aje azitumie nafsi ikichafuka. Ni zaidi ya miaka 1,000 hiyo.

UrojoMchungu (#13)
@Abuu_Swaleh sheikh nani kabeza? Mie nilisema kufuli tu. Halafu huyo si Ibn Sina?

Abuu_Swaleh (#14)
Siye. Ibn Sina kazaliwa karibu miaka 50 baada ya al-Balkhi kufariki.

mnasihi_chake (#15)
Sheikh hilo la mlango nalijua, mie mwanamke lkn wanaume pia wanakuja, wachache. Kwa wanaume naacha mlango wazi. Sasa mlango wazi foleni inasikia, mlango ukifungwa watu wanaunda hadithi. Nifanyeje?

Abuu_Swaleh (#16)
Kaa nae pahala watu wanawaona na hawawasikii. Chini ya muembe, upenuni, popote. Khalwa ni kutoonekana, si kutosikika.

Mwanafunzi_wa_Saiko (#17)
Sheikh umelielezea benchi la Harare kwa fikihi 👏

Bint_Mtambwe (#18)
Nyie wanaume mnafurahia mapema. Kuonekana ndo kulikoniponza mie.

Mstaafu_Wete (#19)
Nimesoma yote na naona kila mtu anasema kweli kidogo, lkn kuna jambo watu wa umri wangu tunalijua na vijana hamlisemi. Dada mnasihi, mtu akikaa mbele yako unafanya nini kwanza? Unatoa fomu. Jina kamili, shehia, umri, nani mkuu wa kaya, namba ya simu. Unaandika huku anazungumza. Huku kwetu kuna watu ambao mgeni akiwauliza jina na shehia akaandika, moyo unafunga. Januari 2001, tarehe 26 na 27, baada ya uchaguzi ule wa 2000, watu walipigwa risasi hapa, Human Rights Watch walihesabu wasiopungua 35 waliouliwa, na watu kama 2,000 walivuka bahari kwa ngalawa na mashua hadi Shimoni Kenya. Nilikuwa nasomesha wakati huo. Madarasa yalipungua watoto, na hakuna mzazi alieulizwa akajibu kenda wapi. Waliorudi walirudi kimya na hadi leo hawajamsimulia mtu, sembuse mtumishi wa serikali mwenye kalamu. Sisemi siasa, nasema kalamu.

karafuu_kavu (#20)
Mzee hapo umenigusa. Baba alikuwa mmoja wa waliovuka. Hajawahi kutusimulia, tunajua kwa watu. Usiku wa kelele yoyote nje anaamka anavaa viatu. Anavaa viatu kabisa, anakaa kitandani. Ukimwambia baba twende kwa dakta anakwambia mie mzima, nani kakwambia naumwa.

mnasihi_chake (#21)
@karafuu_kavu pole sana. Mtu kama huyo hata asipokuja kwangu kuna vya kufanya nyumbani. Nitakuandikia pembeni ukitaka.
@Mstaafu_Wete fomu ni lazima, ripoti ya mwezi inatoka mule. Ila naweza kuijaza mwisho badala ya mwanzo. Nitajaribu.

Ex_Maskani (#22)
Salama? Mie ni mtu wa unga, nishaacha alhamdulillah. Naongea kama mteja. Kabla ya soba hausi (nyumba ya watu wanaoacha unga) nilipelekwa kwa mshauri nasaha pahala fulani mjini, dada mstaarabu kabisa, kiti, meza, tishu. Sikurudi. Alikuwa ananiuliza "unajisikiaje kuhusu hilo" na mie najisikia arosto, mifupa inauma, nataka kitu. Soba hausi nilikaa kwa sababu mle kila mtu alishaiba redio ya mamake. Wanakaa duara, mmoja anasema yake, wewe unasema yako, hakuna anaekaa kimya anakutizama tu. Lile alilosema @Bint_Mtambwe kwamba mnasihi anajua yako wewe hujui yake, kwenye duara halipo.
Na methadoni, dawa wanayopewa watu wa unga waache, Kidongo Chekundu ilipoanza 2015, niliona watu ambao hawajawahi kutimiza ahadi ya aina yoyote wanakwenda kila siku ya Mungu. Kila siku! Kwa sababu dozi inanyewa pale pale dirishani. Mazungumzo yakaja baadae, pole pole, kwa kuwa mtu yupo kila asubuhi anaonekana. Kwaio nipo na @Nesi_wa_Zamu, mpe mtu sababu ya kuja, maneno yatafuata.

UrojoMchungu (#23)
Lkn Kidongo Chekundu lenyewe jina watu wanaliogopa kuliko lile pepo la usiku, popobawa.

Mtoto_wa_Gombani (#24)
Umelitaja weye 😂 ile 2005 popobawa alipokuja Pemba bibi yangu alilala nje mwezi mzima na jirani zake wote, wamekoka moto.

Mstaafu_Wete (#25)
1995, si 2005. Ilianzia huku Pemba ikavuka kwenda Unguja, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, watu washakuwa roho juu. Na msicheke sana. Mjini Unguja mtu mwenye maradhi ya akili, aliekuja mjini kutafuta tiba, aliuliwa na kundi la watu wakidhani ndo popobawa mwenyewe.

Mtoto_wa_Gombani (#26)
Duh. Hilo sikulijua.

Mwanafunzi_wa_Saiko (#27)
Kitaalamu walichokuwa wakikieleza watu kinafanana na jinamizi, ubongo umeamka mwili bado umelala, huwezi kujitingisha, kifua kizito, unaona kitu chumbani. Kukosa usingizi na khofu vinazidisha. Ukisikia jirani kajiwa, unalala nusu macho, unajiwa na wewe.

karafuu_kavu (#28)
Sawa bwana mtaalamu, ila wale waliolala nje kwa makundi moto umewashwa wanapiga soga hawakujiwa. Ubongo wao ulikuwa mwengine?

Mwanafunzi_wa_Saiko (#29)
Umeniunga mkono bila kujua. Kulala pamoja khofu inapungua.

karafuu_kavu (#30)
Au popobawa anaogopa moto. Huna ushahidi wa kunikatalia.

Abuu_Swaleh (#31)
Turudini kwenye mada jamaani.

Nesi_wa_Zamu (#32)
Na sheikh kwa kuwa umerudi, tuseme na hili. Wagonjwa wetu wengi kabla ya kufika kwetu washakunywa kombe, washafukizwa, washasomewa, na wengine washapungwa pepo. Mganga haulizi maswali thalathini. Anamwambia mtu "una jambo linakusumbua, limetoka upande wa baba", mtu anapata jawabu siku hiyo hiyo, na anapewa kazi, alete kuku, alete kitambaa, arudi Jumatano. Na Jumatano anarudi! Tena na ukoo mzima. Nasikia vibaya kusema lkn mganga anatuzidi kwenye hilo la familia. Sisi tunamwita mtu mmoja tunamfungia chumbani kama mshtakiwa.

Abuu_Swaleh (#33)
Kusomewa Qur'ani usiingize kundi moja na kupungwa. Mie mwenyewe nasomea watu na ninapoona mtu kaacha kula, au anasema atajidhuru, nawaambia jamaa zake hospitali leo leo, kisomo hakikatazi dawa. Tatizo hospitali mgonjwa akisema "nina jini" mnasihi anatabasamu. Tabasamu lile tu lishamfukuza.

mnasihi_chake (#34)
Mie sitabasamu 😅 namuuliza jini anakuja wakati gani, anataka nini, akija nani anafanya nini. Mara nyingi jini anakuja mume akisema anaoa, au matokeo ya mtihani yakikaribia. Silipingi wala silithibitishi. Ila kuna wenzangu waliniambia nikifanya hivo naendeleza ushirikina.

Mwanafunzi_wa_Saiko (#35)
Usiwasikilize. Frantz Fanon alipokuwa dakta hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida Aljeria kuanzia 1953 alianzisha mikutano, gazeti la wodi, filamu, kazi za mikono. Wodi ya wanawake wa Kizungu ikafana, wodi ya wanaume Waislamu ikakataa kabisa, watu wanakaa kimya, hawaji. Akatambua kuwa vile vitu vyote ni vya maisha ya Ufaransa. Akafungua mkahawa wa kahawa humo hospitalini, wakasherehekea sikukuu za Kiislamu, akaitwa msimulizi wa hadithi. Ndo wakaanza kuja. Na yeye pia mwanzo angeweza kusema hawana mwamko.

Mstaafu_Wete (#36)
Huyu leo hajakosea nchi. Na Nigeria huko Abeokuta, Dakta Lambo miaka hiyo hiyo ya 50 aliwaweka wagonjwa wakae vijijini na jamaa zao, mchana hospitali ya Aro usiku nyumbani, na waganga wa jadi akafanya nao kazi.

Mwanafunzi_wa_Saiko (#37)
Mwalimu ahsante kwa kunipa maksi moja.

Bahari_Hiyo (#38)
Natokea Unguja kaskazini, nimepita nikaona uzi, naomba niulize kitu ambacho naona hakijapata mtu. Mama mdogo, mumewe alikuwa kwenye meli ya Spice Islander ile ajali ya 2012. Mwili haujaonekana hadi leo. Nyumbani ni kama saa imesimama. Nguo za mume zipo. Simu ikiita usiku anashtuka. Tulimpeleka kwa mnasihi, mnasihi akamwambia unatakiwa ukubali kuwa kafariki. Hakurudi tena na akisikia neno mnasihi anatoka chumbani.

Mstaafu_Wete (#39)
Pole. Spice Islander ni 10 Septemba 2011, ikija huku Pemba. Ya 2012 ni Skagit, Julai 18, karibu na Chumbe. Wengi wanazichanganya.

Bahari_Hiyo (#40)
Ni hiyo ya kuja Pemba basi, 2011.

mnasihi_chake (#41)
Pole sana ndugu yangu. Kwenye ile meli miili iliyopatikana ni 203 na tume ikasema waliopotea wasionekane ni 1,370. Fikiria nyumba ngapi ziko kama yenu. Msiba wa mtu asieonekana haufanani na msiba mwengine, hakuna jeneza, hakuna kaburi la kuzuru, na mke hajui eda aianze lini, ile miezi 4 na siku 10 inahesabiwa kutoka wapi? Kumwambia "kubali" ni kumwambia amzike mumewe kwa mkono wake. Mie nisingemwambia hivo. Ningemuacha awe na yote mawili, siku anaamini kafa siku anaamini yupo, na tukatafuta maisha yanayoweza kuendelea ndani ya hayo.

Abuu_Swaleh (#42)
Na hapo kadhi ana kazi kabla ya mnasihi. Mke wa alietoweka haingii eda kwa dhana yake mwenyewe, hukumu inatoka kwa kadhi. Nishaona mwanamke alieanza kulia vizuri siku alipopewa hukumu ile. Kabla yake alikuwa hajui kama kulia kwake ni halali.

Nesi_wa_Zamu (#43)
Sheikh hilo nalichukua.

Mtoto_wa_Gombani (#44)
Si walitakiwa baada ya ajali wakusanywe wote wazungumzishwe siku ile ile, kila mmoja aeleze alichokiona kitoke moyoni?

Nesi_wa_Zamu (#45)
Hapana. Hicho kikao kimoja cha kumlazimisha kila alienusurika asimulie, WHO wanasema kisifanywe, hakizuii kitu na wengine kinawazidishia. Siku za mwanzo mpe mtu maji, nguo kavu, jamaa zake, habari za kweli, na anaetaka kusema msikilize, asietaka muache. Waliokuwa wakipika uji pale walifanya kazi kubwa kuliko wanavojua.

karafuu_kavu (#46)
Hapo ndo naanza kuwaelewa. Mana mie nilidhani kazi yenu ni kumtapisha mtu maneno.

Ex_Maskani (#47)
Wengine ndo wanafanya hivo yakhe. Mtu hajakaa sawa "tuanze na utotoni mwako".

mnasihi_chake (#48)
Narudi na habari. Nilihama stoo, nimeweka benchi nyuma ya jengo chini ya muembe, tunaonekana hatusikiki. Fomu najaza mwisho. Na ile njia ya unasihi ya WHO inayoitwa Problem Management Plus, vikao 5, kila kimoja saa moja na nusu, nimeikata ikawa kila siku mtu anatoka na kitu kimoja, mara zoezi la kupumua, mara jambo moja dogo alilokuwa akilipenda aanze tena kulifanya, nimeliandika kwenye kikaratasi kidogo cha dawa kama cheti 😅 kwa ajili ya mama mkwe. Wanaorudi wameongezeka, lkn sijui ni lipi lililofanya, mana na msimu nao umekatika.

karafuu_kavu (#49)
Nilisema miye.

Nesi_wa_Zamu (#50)
Ni cheti.

Abuu_Swaleh (#51)
Ni benchi.

Bint_Mtambwe (#52)
Waliorudi ni wa wapi? Kama ni wa mbali na hapo basi ni kwa kuwa hakuna anaewajua. Wa karibu bado watakukimbia hata uweke benchi la dhahabu. Angalia daftari lako.

mnasihi_chake (#53)
... Nimeangalia. Wengi kweli si wa shehia hii.

Mwanafunzi_wa_Saiko (#54)
Na makundi hujajaribu? Uganda huko Rakai na Masaka walifanya makundi ya kijiji, wanawake peke yao wanaume peke yao, kiongozi ni mtu wa pale pale, wiki 16, na sonona ikashuka sana. Majibu yalitoka 2003. Ukiita kikundi cha kushona au cha kuweka na kukopa nani atajua?

Bint_Mtambwe (#55)
Kikundi cha hisa ningekwenda. Hata mume angenipa nauli mwenyewe.

Abuu_Swaleh (#56)
Lkn kuwaita watu kwenye hisa na kumbe ni tiba, hiyo si hadaa?

Bint_Mtambwe (#57)
Sheikh hisa ziwe za kweli. Mazungumzo si yapo tu wanawake wakikaa?

Ex_Maskani (#58)
Swali moja kwa dada mnasihi, hakuna alieuliza. Wewe unasikiliza ya 1995, ya 2001, ya meli, ya majini, unalala saa ngapi? Soba hausi sheria ya kwanza ni kila mtu ana mtu wake wa kumpigia. Wewe wako nani?

mnasihi_chake (#59)
Kuna mwalimu wangu yuko Unguja, tunazungumza kwa simu mara moja kwa mwezi mtandao ukikubali. Nikimueleza kesi namficha jina na kijiji na kazi ya mtu na bado naogopa, mana visiwa hivi vidogo, nikisema "mama wa watoto saba ambae mumewe ni nahodha" ataniambia namjua. Kwaio mengine siyasemi kabisa.

Nesi_wa_Zamu (#60)
Mwenzangu njoo zamu yangu Jumapili jioni. Kesi usinambie, tutakula mihogo tu.

UrojoMchungu (#61)
Na mie nikiumwa moyo nije kwenye benchi au nipeleke hisa kwanza?

Bint_Mtambwe (#62)
Wewe ulete ile kufuli uliyoiahidi. Bibi zetu wako tayari kuanza.